Kurudi kwenye Civilization IV: mwongozo wa zamu mia za kwanza

Ukifungua Civilization IV, gemu ya kompyuta ya kujenga dola zamu kwa zamu, baada ya kukaa nayo mbali kwa miaka, kabla hujagusa kitu utakaribishwa na kwaya inayoimba kwa Kiswahili. Wimbo huo wa menyu ni "Baba Yetu", uliotungwa na Christopher Tin, na maneno yake ni Sala ya Bwana. Mwaka 2011 ulikuwa muziki wa kwanza ulioandikwa kwa ajili ya gemu kupata tuzo ya Grammy. Hadi leo huuacha uishe ndipo nibofye. Gemu iliyoamua kuanza hivyo inastahili kupewa dakika tatu.

Ilitoka Oktoba 2005, kazi ya kampuni ya Firaxis, mbunifu mkuu akiwa Soren Johnson. Ni ya nne katika mfululizo alioanzisha Sid Meier mwaka 1991. Baada yake zimekuja nyingine zenye picha nzuri zaidi, lakini ninaporudi, narudi hapa. Sababu ni moja: hapa kila mji mpya una gharama. Katika gemu za kabla yake ulikuwa unajaza ramani kwa miji kama mtu anayepanda mtama, na ya mbali ikaliwa na ufisadi tu. Hapa unalipa matunzo kutoka hazina, kila zamu, na hazina ikikauka utafiti unasimama. Basi kila mji unakuwa uamuzi.

Anayerudi kwa kawaida hashindwi kwa sababu amesahau vitufe. Vitufe hurudi mkononi ndani ya nusu saa. Anashindwa kwa sababu anachokumbuka ni mwisho wa mchezo: vifaru, ndege, chombo cha angani. Amesahau kwamba kufikia zamu ya 100 mshindi huwa ameshajulikana, na waliomfanya ashinde ni vibarua waliolima mashamba. Ndiyo maana mwongozo huu umelalia mwanzo.

Hatua ya 1: Weka gemu vizuri

Toleo kamili linauzwa Steam na GOG, maduka ya gemu ya mtandaoni, na ndani yake kuna gemu ya asili pamoja na nyongeza zake mbili, Warlords ya 2006 na Beyond the Sword ya 2007. Cheza Beyond the Sword. Kila namba iliyo katika mwongozo huu ni ya humo. Gemu ya asili iache kwa siku ya kumbukumbu tu.

Ukiweza kuchagua pa kuiweka, usiiweke ndani ya folda ya programu za mfumo. Windows huilinda folda ile, na siku utakapotaka kuongeza kitu kilichotengenezwa na wachezaji wenzako utasumbuliwa na ruhusa. Na kitu cha kwanza cha kuongeza kiwe BUG: haibadilishi kanuni yoyote, inachofanya ni kukuonyesha mapema mambo ambayo vinginevyo ungelazimika kuyatafuta kwenye skrini tano.

Ukishaingia kwenye ramani, bonyeza Ctrl na Y ili kila mraba uonyeshe unatoa nini: chakula, nyundo (nguvu ya kujenga na kutengeneza vitu), sarafu (mapato). Halafu Ctrl na R ili alama za rasilimali zionekane. Usizizime tena. Watu hucheza miaka bila kujua vitufe hivi viwili, wakikodolea macho picha ya ng'ombe mdogo aliyejificha nyuma ya mti.

Hatua ya 2: Chagua mchezo utakaokufundisha

Kasi iwe ya kawaida, ile yenye zamu 500. Ngazi ya ugumu iwe Noble, ambako wewe na kompyuta mnapimwa kwa mizani inayokaribiana. Najua ulikuwa unacheza ngazi za juu. Anza hapa, mchezo mmoja tu. Ramani chagua Pangaea, bara moja kubwa, kwa sababu utakutana na majirani wote mapema na makosa yako yataonekana haraka. Kwenye visiwa unaweza kukosea kwa zamu 150 bila mtu kukuambia.

Kiongozi, mchukue Mansa Musa wa Mali. Ana tabia mbili zinazosamehe. Ya kwanza ni ya fedha: kila mraba unaotoa sarafu 2 au zaidi unaongezewa 1. Ya pili ni ya kiroho: unabadilisha mfumo wa utawala au dini bila kupitia zamu za vurugu. Anaanza akijua gurudumu na uchimbaji, na mpiga mishale wake ana nguvu 4 pale ambapo wa wengine ana 3. Mwanzoni, tofauti hiyo ndogo huokoa mji.

Hatua ya 3: Zamu ya kwanza, usikimbilie kuweka mji

Una kikosi kimoja cha wahamiaji na askari mmoja. Msogeze askari kwanza, apande kilima kilicho karibu uone zaidi. Wahamiaji wasubiri.

Sasa tazama. Mji utafanya kazi kwenye miraba 20 inayouzunguka pamoja na mraba wake wenyewe. Unachotafuta, kwa mpangilio huu: chakula, chakula, maji ya mto, kisha vilima. Mahali pazuri pakiwa mwendo wa zamu moja, nenda. Zikiwa zamu tatu, baki ulipo.

Kuna siri moja ambayo nilichelewa kuijua. Mji ukiwekwa kwenye mraba wa kawaida, mraba wenyewe unatoa chakula 2 na nyundo 1. Ukiwekwa kwenye kilima cha uwanda mkavu, ule wenye rangi ya kahawia iliyofifia, unatoa chakula 2 na nyundo 2. Nyundo moja inasikika kama si kitu. Hatua inayofuata inaonyesha thamani yake.

Hatua ya 4: Kibarua kwanza

Jengo la kwanza, askari wa kwanza, maajabu ya kwanza (majengo makubwa kama piramidi): vyote vingoje. Karibu kila mara kitu cha kwanza kutengeneza ni kibarua. Tupige hesabu, maana bila hesabu ushauri huu ni maneno tu.

Chukua mji mkuu ulio kwenye kilima cha uwanda mkavu, na kando yake mraba wa majani mabichi wenye mahindi, ukingoni mwa mto. Mahindi ambayo hayajalimwa yanatoa chakula 3. Mji unatoa 2. Mkazi wako mmoja anakula 2. Ziada ni 3. Mji unahitaji chakula 22 ili utoke ukubwa wa 1 uingie wa 2, hivyo utasubiri zamu 8.

Kibarua anagharimu nyundo 60. Wakati mji unamtengeneza haukui, kwa sababu ziada ya chakula inageuzwa kuwa nyundo. Ziada ya 3 ukijumlisha na nyundo 2 za kilima unapata 5 kila zamu, na kibarua anatoka zamu ya 12. Mji ule ule ungekuwa tambarare wenye nyundo 1, ungepata 4, na kibarua angetoka zamu ya 15. Hizo zamu tatu ndizo ile nyundo moja.

Wakati huo unatafiti kilimo, na kinakamilika kabla kibarua hajatoka. Kibarua anakwenda moja kwa moja kwenye mahindi, analima, maji ya mto yanaingia shambani, na mraba uliokuwa ukitoa 3 sasa unatoa 6. Ziada inakuwa 6. Mji unaohitaji 22 unakua kwa zamu 4 badala ya 8. Umeongeza kasi ya dola nzima mara mbili kwa shamba moja. Hakuna jengo la maajabu linalofanya hivyo mahali pengine popote katika mchezo huu.

Baada ya kilimo, tafiti ufuaji wa shaba. Teknolojia hii ina mambo matatu ndani yake: inaonyesha shaba iko wapi kwenye ramani, inakuruhusu kukata misitu, na inafungua sheria ya utumwa. Msitu mmoja ukikatwa unaupa mji nyundo 20, na ukishajua hisabati unatoa 30. Misitu miwili ya mwanzo iwe ya wahamiaji wa mji wa pili.

Kuhusu hiyo sheria ya utumwa: jina linachoma kulisoma, na mimi nimewahi kucheza michezo mizima bila kuigusa kwa sababu hiyo tu. Gemu imeiweka kama hesabu: unatoa wakazi, unapata nyundo 30 kwa kila mmoja, na mji unakuwa na mtu mmoja zaidi mwenye hasira kwa zamu 10. Wachezaji wengi wenye nguvu huitumia sana, hasa mji ukiwa na ghala la chakula, ambalo huhifadhi nusu ya chakula kila mji unapokua na hivyo kuwarudisha wakazi haraka. Kwenye Noble unaweza kushinda bila hiyo. Uamuzi ni wako.

Sasa makosa ya vibarua, kwa sababu ndiyo niyaonayo kila ninapomtazama mtu aliyerudi akicheza.

La kwanza, kuwaacha wajiendeshe wenyewe. Kompyuta itawafanya wajenge barabara kwenda kusikokuwa na mtu na mashamba mahali ulipotaka migodi. Waongoze kwa mkono angalau hadi zamu ya 150.

La pili, kutengeneza miraba isiyo na mtu wa kuifanyia kazi. Mji wenye ukubwa wa 3 unatumia miraba 3. Mraba wa nne uliolimwa vizuri umelala tu. Fungua skrini ya mji, tazama ni miraba ipi ina duara jeupe, na hakikisha hiyo ndiyo iliyotengenezwa. Halafu mpeleke kibarua kwenye mji mwingine.

La tatu, uchache wao. Kwa miji 4 nataka vibarua 5 au 6. Wapange wawili wawili, kazi iishe haraka na mraba uanze kulipa.

Hatua ya 5: Miji ya pili hadi ya sita

Mji mkuu ukifika ukubwa wa 3 au 4, anza kutoa wahamiaji. Kikosi kimoja ni nyundo 100, na kama ilivyo kwa kibarua, chakula cha ziada kinahesabiwa humo. Ndiyo maana mji wenye mahindi ni kiwanda cha wahamiaji kuliko mji wenye migodi mitupu.

Mji mpya unaanza na mipaka midogo, miraba 9 tu ukihesabu na wake. Mipaka inapanuka hadi miraba yote 21 utamaduni ukifika 10. Mnara wa kumbukumbu unatoa utamaduni 1 kila zamu, kwa hiyo ni zamu 10 za kungoja baada ya kuujenga. Somo lake ni hili: weka mji mahali ambapo chakula kinagusana nao moja kwa moja. Mji wenye samaki wawili na ng'ombe wote kwenye duara la nje unaonekana mzuri kwenye ramani, kumbe utakufa njaa kwa zamu 30.

Mji wa pili uwe upande wa jirani. Hili huwashangaza watu, wanataka kujibanza karibu na nyumbani. Lakini ardhi iliyo nyuma yako haichukuliwi na mtu, itakungoja. Ardhi iliyo kati yako na jirani inagombewa, na anayefika kwanza anafunga mlango. Ukiweka mji mmoja penye njia nyembamba kati ya mlima na bahari, usifungue mipaka kwa jirani huyo, na kila kilicho nyuma ni chako.

Lengo langu ni miji 6 kufikia mwaka wa 1 Baada ya Kristo. Kwenye Noble, mwenye miji 6 iliyolimwa vizuri kwa wakati huo hufikiwa na wachache.

Kuna washenzi, yaani vikosi visivyo na dola. Mwanzoni ni wanyama: simba, mbwa mwitu, dubu. Hao hawaingii ndani ya mipaka yako. Baadaye wanakuja watu wenye mishale na shoka, na hao wanaingia. Wengi hujenga askari na kuwafungia mijini. Dawa iko kwingine: washenzi huzaliwa kwenye miraba yenye giza tu, ile isiyoonwa na mtu. Weka askari wawili au watatu wa bei rahisi juu ya vilima nje ya mipaka, wakiangaza pande zote, na vita vingi havitatokea kabisa. Askari wa aina hiyo ni nyundo 15. Mji unaochomwa ni mamia.

Hatua ya 6: Hazina, au kwa nini utafiti umeshuka hadi asilimia 40

Ukifika mji wa nne au wa tano utaona hazina inaingia kwenye namba nyekundu na itabidi upunguze asilimia ya mapato inayokwenda kwenye utafiti. Hapa ndipo wanaorudi huogopa na kuacha kupanuka. Usiogope namba hiyo. Asilimia 40 ya miji sita inaweza kuzidi asilimia 90 ya miji miwili. Tazama idadi ya utafiti wenyewe kwa zamu, si asilimia.

Kinacholipa madeni ni vibanda. Tafiti ufinyanzi, jenga kibanda kwenye miraba ya majani mabichi, hasa kando ya mto. Kibanda kinaanza na sarafu 1. Kikifanyiwa kazi na mkazi kwa zamu 10 kinakua na kutoa 2, zamu 20 nyingine kinatoa 3, zamu 40 nyingine kinatoa 4. Jumla ni zamu 70, na zinahesabiwa tu siku ambazo mkazi yumo. Kibanda kilichojengwa zamu ya 40 na kutumiwa bila kukatizwa kimekomaa zamu ya 110. Kilichojengwa zamu ya 90 kitakomaa 160, wakati mchezo umeshasonga. Mansa Musa anafanya jambo hili liwe tamu zaidi: mraba wa kando ya mto una sarafu 1 ya asili, kibanda kinaongeza 1, zikawa 2, na tabia yake ya fedha inaongeza nyingine. Sarafu 3 tangu zamu ya kwanza.

Mji mmoja, wenye chakula kingi, uupe kazi nyingine. Jenga maktaba humo na uweke wakazi wawili kuwa wanasayansi. Kila mmoja anatoa pointi 3 za kumzaa mtu mkuu, yaani mtaalamu wa pekee anayezaliwa mjini, jumla 6 kwa zamu, na mtu mkuu wa kwanza anahitaji 100. Ndani ya zamu 17 unampata mwanasayansi mkuu. Mpeleke mji mkuu wako wenye vibanda ajenge chuo, kinachoongeza utafiti wa mji huo kwa asilimia 50 hadi mwisho wa mchezo. Ninapofanya hivi mapema, mchezo mzima hubadilika ladha.

Baada ya hapo, teknolojia mbili za kukimbilia ni ile iitwayo Sarafu (Currency), inayoongeza njia moja ya biashara kwa kila mji, na kanuni za sheria, inayoruhusu mahakama za kupunguza gharama za matunzo kwa nusu.

Hatua ya 7: Maajabu, kwa uchache

Piramidi ni nyundo 500. Hivyo ni vikosi 5 vya wahamiaji. Ukizijenga huku una miji miwili, umeuza dola kwa ajili ya picha. Kama una jiwe ndani ya mipaka na limeunganishwa kwa barabara, kasi inakuwa mara mbili na jambo linafikirika. Vinginevyo chagua moja tu katika enzi ya kale na uachane na mengine. Na ukishindwa mbio, nyundo ulizoweka hurudi kama fedha, kwa hiyo si hasara tupu.

Hatua ya 8: Kumsoma jirani

Bonyeza F4 uone mahusiano yote. Peleka kishale juu ya jina la kiongozi na utaona orodha ya sababu anazokupenda au kukuchukia, kila moja na namba yake. Hakuna fumbo. Dini ndiyo nzito kuliko zote mwanzoni: mkiwa na dini moja mnapendana, mkitofautiana mnanuniana, na baadhi yao, kama Isabella wa Hispania, hawasamehi. Ukiona majirani wawili wenye nguvu wana dini moja, ipokee nawe iwapo imeenea kwako. Usianzishe dini yako kwa fahari kisha ukabaki peke yako katikati ya bara.

Kisha kuna ishara moja ambayo imeniokoa mara nyingi kuliko ukuta wowote. Kila zamu chache, fungua mazungumzo na jirani unayemshuku na utazame sehemu ya kumwomba apigane na mwingine. Jina likiwa jekundu, weka kishale juu yake usome sababu. Akisema kwamba tayari mikono yake imejaa, wakati huoni akipigana na yeyote, basi anaandaa vita. Sijui kama ni dhidi yako, lakini hesabu majirani zake na utapata jibu. Una zamu kadhaa za kutengeneza wapiga mishale, au kumpa kitu alichoomba, au kumhonga ampige mwingine kabla hajawa tayari.

Montezuma na Shaka, viongozi wapenda vita, wakiwa mpakani, chukulia kwamba siku itafika. Gandhi akiwa mpakani, lala usingizi lakini mwache mlinzi mmoja macho.

Ukishajua alfabeti unaweza kubadilishana teknolojia. Unapopata kitu ambacho wengine hawana, kiuze kwa wote katika zamu ile ile, kwa sababu ukimuuzia mmoja na kungoja, yeye atawauzia wengine kabla yako.

Hatua ya 9: Ukiamua kupigana

Vita vya mapema vinawezekana, lakini pima kwanza. Askari wa shoka ana nguvu 5, mpiga mishale ana 3, na anayerudi huona 5 dhidi ya 3 akatuma jeshi. Ndani ya mji mpiga mishale anaongezewa asilimia 50 kwa kulinda mji, asilimia 25 kwa kujichimbia, na mji wenye utamaduni kidogo unamwongezea 20. Jumlisha: 3 mara 1.95 ni 5.85. Shoka lako ndilo dogo. Na hapo mji haupo kilimani.

Basi kwa kila mlinzi peleka askari watatu, au subiri ujenzi, teknolojia inayoleta mashine za kurusha mawe. Hizo ndizo funguo za miji. Zamu ya kwanza na ya pili zibomoe ulinzi wa utamaduni hadi sifuri. Kisha toa mashine moja au mbili zijitoe mhanga: zinapovamia hujeruhi walinzi kadhaa kwa pamoja, ingawa haziwezi kummalizia yeyote. Walinzi wakishabaki nusu, ndipo wanaingia watu wa shoka na panga waliofunzwa kuvamia miji. Ukifuata mpangilio huo utapoteza mashine mbili na kupata mji. Ukiuvuruga utapoteza jeshi.

Jeshi litembee kwa kundi moja, na ndani yake awepo mtu wa mkuki kwa ajili ya farasi wa adui na mpiga mishale wa kulinda. Simama juu ya kilima au msituni, kamwe si tambarare mbele ya lango la mji.

Pigana na nani? Aliye karibu, mwenye ardhi nzuri, na asiye na rafiki. Baada ya kuchukua miji mitatu ya maana, fanya amani. Utahitaji zamu 20 za kuponya hazina.

Hatua ya 10: Lenga ushindi mmoja

Karibu zamu ya 150 bonyeza F8 utazame masharti. Ushindi wa utamaduni unataka miji 3 yenye utamaduni 50,000 kila mmoja, kwa kasi ya kawaida. Wa angani unataka utafiti mwingi na viwanda. Kwa mchezo wa kurudi napendekeza wa angani, kwa sababu unakupitisha kwenye mti mzima wa teknolojia, na utasikia sauti ya mwigizaji Leonard Nimoy akisoma nukuu karibu kila unapogundua jambo jipya. Sauti hiyo peke yake ilinifanya nivumilie michezo niliyojua nimeshindwa.

Hatua ya 11: Tunza faili la zamu ya kwanza

Gemu hujihifadhi yenyewe mara tu mchezo unapoanza, mwaka 4000 Kabla ya Kristo. Faili hilo liko ndani ya folda ya My Games, kwenye nyaraka zako, pamoja na mengine ya kujihifadhi. Linakili mahali pengine ulipe jina lako mwenyewe kabla halijafutwa na mchezo unaofuata.

Ukifika zamu ya 100, simama. Andika kwenye karatasi una miji mingapi, vibarua wangapi, utafiti kiasi gani kwa zamu, na mashamba mangapi yasiyo na mtu. Kisha fungua faili lile la mwanzo na ucheze zamu hizo 100 upya, ardhi ile ile, majirani wale wale. Safari hii unajua shaba iko wapi. Mimi nilifanya hivi mara nne na ramani moja ya Mali: mara ya kwanza nilikuwa na miji mitatu zamu ya 100, mara ya nne nilikuwa na saba na chuo kimeshajengwa Timbuktu. Mchezo huo wa nne ndio niliouendeleza hadi chombo kikaruka.